Kichwa Si Meza

Saluni, 9 Februari

Mwanangu mpendwa,

Natumai barua hii itakukuta mzima, umekula vizuri, na viatu vyako vya mvua bado vinashika. Sisi huku hatujambo. Baba yako mgongo unamsumbua, lakini kutwa anainama juu ya saa za watu na lenzi yake jichoni, na ukimwambia apumzike anakuuliza kama ni wewe utakayekwenda kuwaeleza wenye saa. Mama yako amepaka jikoni rangi ya njano kali, tunaingia mle tumefinya macho. Nesi, yule mteja wangu wa miaka yote, anakusalimu na bado anauliza utaolewa lini. Nimemwambia anyamaze nisije nikamvuta nywele.

Sasa jambo lenyewe. Kaa kwanza.

Nimejiandikisha kufanya mtihani wa Hisabati wa kidato cha nne. Usicheke. Kile chuo cha ufundi kilicho nyuma ya stendi kinaanzisha darasa la ususi, na mkuu wa chuo alikuja mwenyewe hapa saluni. Akakaa chini ya draya kama mteja, akanitazama nikisuka mpaka nikamaliza kichwa kizima. Akasema wananitaka nikafundishe. Mwanangu, nilijiona nimerefuka. Kisha akaulizia vyeti. Vingine vyote ninavyo, ila Hisabati nilianguka, na kanuni yao haimruhusu mwalimu asiyefaulu Hisabati. Nafasi wataniwekea mpaka mwakani, baada ya hapo wanatafuta mtu mwingine. Nautaka ualimu huo. Nautaka mpaka naota nimeshika chaki.

Kujumlisha na kugawanya sina neno nako. Kinachonitoa jasho ni haya mambo ya pembe, hasa pale wanapoandika "thibitisha". Nithibitishe nini, na kitu chenyewe si hiki hapa kinaonekana? Tazama jaribio langu la kwanza:

Swali: Mistari miwili imekatana. Thibitisha kwamba pembe zinazotazamana zinalingana.

Jibu: Nimezipima kwa kipimapembe. Hii nyuzi 52, ile nyuzi 52. Imethibitika.

Kitabu kinasema hilo si jibu. Nusura nikitupe dirishani.

Nakuandikia badala ya kukupigia simu kwa sababu kwenye simu unaeleza haraka haraka, nami naona haya, nasema nimeelewa. Barua haioni haya. Na tafadhali, baba yako asijue. Bado ananitania kuhusu ile cherehani niliyonunua na gitaa lililofuata, vyote nikaviacha njiani. Atajua nikishafaulu.

Shangazi yako


Nyumba za walimu, 27 Februari

Shangazi mpenzi,

Shikamoo. Barua yako niliisoma nimesimama mlangoni na begi bado begani, nikacheka, nikajikuta nafuta machozi. Nimefurahi sana, Shangazi. Mimi mzima. Chumba changu kimepata pazia, na jirani wa ukuta wa pili amejifunza filimbi, yaani anajifunza. Kidato cha pili wangu ni wale wale: nikitamka neno "thibitisha" wananitazama kama watu wanaongoja basi ambalo halina dalili ya kufika. Wiki jana bikari la ubaoni lilivunjika, mwalimu wa fizikia akaniazima lake. Basi ndiyo habari zote.

Kuhusu jibu lako. Nyuzi 52 umepima vizuri, lakini hizo ni za mchoro wako tu. Mimi hapa nikichora mistari mingine, utapanda basi na kipimapembe chako uje uipime? Na mwingine akichora kesho? Uthibitisho ni maneno yanayoibana michoro yote kwa mpigo, hata ile ambayo bado haijachorwa.

Gawa ukurasa wako katikati. Kushoto andika "Kauli", kulia andika "Sababu". Kauli isiyo na sababu upande wa pili hairuhusiwi kubaki. Na sababu zinazokubalika ni hizi: imepewa kwenye swali, au ni kanuni ambayo wote tumeshaikubali, au imetoka kwenye mistari iliyo juu yake. "Inaonekana" si sababu. "Nimepima" si sababu. Na "kila mtu anajua", najua utaijaribu hiyo, nayo si sababu.

Nakupa msaada mmoja tu. Kati ya hizo pembe mbili kuna ya tatu, jirani wa zote mbili. Muulize jirani.

Baba hatajua kitu kutoka kwangu.

Mwanao


Saluni, 20 Machi

Mwanangu,

Marahaba, tena sana. Huku jua linawaka, mama yako amekubali rangi ya jikoni ni kali lakini anasema sasa hivi hairudishiki dukani. Baba yako ametengeneza saa ya ukutani ya posta, na tangu siku hiyo kila akipita pale anasimama kuitazama kama mtoto aliyemwozesha.

Nimegawa ukurasa kama ulivyosema. Mara ya kwanza niliandika kushoto, "Pembe hizi zinalingana." Kulia nikaandika, "Kwa sababu zinatazamana." Nikauliza moyoni, na zikitazamana ndiyo nini? Nikajibu, ndiyo zinalingana. Nikagundua naizunguka nyumba bila kuingia ndani. Nikachana ukurasa.

Jana nilikuwa namsuka nesi, mkono unakwenda wenyewe, akili iko kwa yule jirani. Basi nikaona. Ziite pembe zangu A na C, na jirani yao B. A na B zimekaa pamoja juu ya mstari mmoja ulionyooka, kwa hiyo jumla yake ni nyuzi 180. Lakini B na C nazo zimekaa pamoja juu ya ule mstari mwingine, nazo ni 180! Sasa kama A na B ni sawa na B na C, nikimtoa B huku nikamtoa na kule, kinabaki nini?

Mwanangu, nilipiga kigelegele. Nesi akaruka kwenye kiti, kichana kikateleza, njia ya katikati ikapinda mpaka sikioni. Akauliza, "Kuna nini, umeshinda bahati nasibu?" Nikamwambia A ni sawa na C, milele, popote, hata nikifa. Akaniangalia kama anataka kunipima homa. Nilimsuka upya bure na sikujuta.

Nimekuandikia vizuri, kauli na sababu, kwenye karatasi ya pili. Isahihishe kwa wino mwekundu, usinihurumie.

Halafu lipo swali dogo. Huyo mwalimu wa fizikia aliyekuazima bikari, ni mtu mzima au kijana? Nauliza tu.

Shangazi yako


Nyumba za walimu, 14 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Natumai nyote wazima na nesi amekusamehe. Mimi sijambo. Filimbi ya jirani sasa inatoa kitu kinachokaribia wimbo.

Nimekuwekea alama ya vema kubwa inayojaa nusu ukurasa. Hakuna hata neno moja la kubadilisha. Niliwasomea kidato cha pili barua yako, bila kutaja ni ya nani, na nilipofika kwenye njia iliyopinda mpaka sikioni walicheka wakashika mbavu. Kisha msichana mmoja wa nyuma, ambaye tangu Januari sijawahi kumsikia sauti, akanyoosha mkono akauliza, "Mwalimu, huyo B kweli anaondoka pande zote mbili?" Tukaanza upya kutoka mwanzo, na safari hii walikuwa macho.

Sasa pembetatu. Thibitisha kwamba pembe zake tatu jumla ni nyuzi 180. Chora mstari unaopita kwenye kilele cha pembetatu, uwe sambamba na kitako chake. Ukikumbuka pembe zinazolingana ndani ya herufi Z, mstari mmoja unapokata miwili iliyo sambamba, mengine yatakuja yenyewe. Na nakuomba, usipime!

Kuhusu swali lako dogo, mabati ya darasa letu yametengenezwa, sasa hayavuji tena.

Mwanao


Saluni, 6 Mei

Mwalimu,

Nimefurahi kwa ajili ya mabati. Huku wote wazima, mama yako anakutumia salamu na baba yako anauliza mbona likizo zilizopita hukuja. Nami nauliza hivyo hivyo. Usinijibu kwa habari ya mabati.

Pembetatu niliipata. Ule mstari wa juu, Z ya kushoto, Z ya kulia, na pembe tatu zikakaa bega kwa bega juu ya mstari mmoja. Ni kitu kizuri, nilikirudia hata pale ambapo sikuwa na sababu ya kukirudia. Kama ningeishia hapo ningekuwa na amani.

Lakini Jumamosi nesi alitaka mtindo mpya. Nikamchana njia iliyonyooka kutoka utosini mpaka katikati ya paji la uso. Nyingine kutoka utosini mpaka juu ya sikio. Kisha ya tatu, kutoka juu ya sikio mpaka pale kwenye paji. Nikaona nimechora pembetatu. Najua umenikataza, lakini kipimapembe kilikuwa kwenye droo pamoja na vichana, mkono ukanishinda. Utosini: pembe mraba, nyuzi 90. Kwenye sikio: karibu 90. Kwenye paji: karibu 90. Jumlisha mwenyewe.

Nikadhani nesi ana kichwa cha ajabu. Nikajaribu kwa mke wa mpiga picha, na kwa mwalimu mkuu mstaafu aliyekuja kuosha nywele tu. Ni vile vile. Kila pembetatu kubwa inavuka 180, na wala haivuki kwa haya.

Sasa niambie ukweli. Ulisema uthibitisho unaibana michoro yote, hata isiyochorwa. Nimechora mitatu na yote imeukimbia. Ama nimekosea hatua mahali, na nimeipitia kila hatua mpaka macho yameuma, ama kitabu kinatudanganya. Kama kinadanganya, nasoma nini? Nimefunga kitabu, nimekiweka juu ya kabati. Sitakifungua mpaka unijibu.

Shangazi yako, asiye na raha


Nyumba za walimu, 28 Juni

Shangazi wangu,

Shikamoo, na nisamehe sana kwa kukaa kimya. Sikuwa mgonjwa. Nilikuwa sina jibu. Nilijua lipo, chuoni walilitaja siku moja nami siku hiyo nilikuwa natazama nje, na sikutaka kukuandikia upuuzi. Nilikuna kichwa wiki kadhaa, kisha nikaipeleka barua yako kwa mwalimu wa fizikia. Akaisoma mara mbili, akasimama, akasema, "Huyu shangazi yako ni mtu hatari." Alisema kwa heshima.

Akaja darasani kwangu. Akanipa chaki, akaniambia nichore pembetatu yako juu ya kitu cha mviringo kilichokuwa pale karibu. Usiniulize ni kitu gani. Darasa lilivunjika mbavu, nami nilikuwa nacheka, lakini nilichora. Pembe mraba tatu. Ni kama ulivyosema.

Shangazi, hukukosea hatua. Kitabu nacho hakikudanganya. Uthibitisho wako unaanza kwa kuchora mstari sambamba na kitako. Juu ya meza unaweza. Juu ya kichwa huwezi! Ukichana njia mbili kichwani na kuziacha zinyooke kabisa, zisipinde huku wala kule, zikiendelea kuzunguka kitu cha mviringo mwishowe zitakutana tu. Huko hakuna sambamba. Ukikosa sambamba, Z inavunjika, na nyuzi 180 zinaondoka nayo. Kitabu chetu kimesema mwanzoni kabisa, kwa herufi ndogo, kwamba haya yote ni ya uso bapa. Mstari huo mimi nimeuruka kila mwaka nikifundisha.

Kwa hiyo ulichosahau ni kitu kimoja, kuandika ulichopewa. Imepewa: karatasi bapa. Mengine yote uliandika sawa.

Nikuambie kilichotokea baadaye. Kengele ililia na kidato cha pili hawakutoka. Walikuwa wanapimana vichwa kwa rula na uzi. Yule msichana wa nyuma alisimama juu ya dawati akitetea hoja yake. Nimefundisha hapa muda wote huu nikidhani kosa ni langu, kwamba sina kipaji, na hata barua ya kuomba kuacha kazi nilikuwa nimeanza kuiandika moyoni. Sitaiandika tena. Shukrani ni kwako na kwa kichwa cha nesi.

Teremsha kitabu kabatini. Na mtihani wa majaribio ni lini? Utaniambia umepata ngapi.

Mwanao anayekupenda


Saluni, 25 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mpaka imelegea mikunjo. Nilimsomea nesi pale kwenye kiti, akajishika kichwa akasema hakujua amebeba kitu cha maana kiasi hicho, na sasa anataka apunguziwe bei. Kitabu nimekiteremsha.

Umenisikitisha na kunifurahisha kwa ukurasa mmoja. Ungeacha kazi usiniambie? Siku nyingine nyanyua simu, hata kama mimi nimekataa simu.

Huku kuna jambo. Baba yako alikuja kukata kucha, akafungua droo ya vichana kutafuta mkasi, akakutana na kipimapembe. Akakishika, akakigeuza, akakiweka. Mimi nikajifanya nafagia. Kesho yake nilipofungua saluni nikakuta kwenye kiti cha draya mkebe mpya wa hesabu, wa bati, na bikari la chuma lililotiwa mafuta kwenye bawaba. Saluni ina funguo mbili tu, wangu na wa kaka yangu. Jioni tulikunywa chai kwenye ile jikoni ya njano tukazungumza habari za mbolea. Nilitamani kumkumbatia lakini angekimbia.

Kuhusu mtihani wa majaribio, mvua huku imenyesha sana.

Na kitu gani hicho cha mviringo? Naona huyu Bwana Bikari anaingia kwenye barua zako bila kubisha hodi. Ana umri gani, anatoka kwa watu gani, anakula nini? Anakuchekesha, hilo nimeliona mwenyewe.

Shangazi yako


Nyumba za walimu, 20 Septemba

Shangazi,

Shikamoo. Mimi mzima, Baba nimemtumia salamu peke yake ili asijue kwamba najua kwamba anajua.

Tangu Julai sina barua yako. Mtihani ni Novemba. Nakuuliza kwa adabu zote: mvua ilinyesha asilimia ngapi?

Hata kama ni kidogo, niambie. Mtu aliyepima vichwa vitatu kabla ya kukilaumu kitabu hawezi kushindwa na karatasi ya maswali. Nakuamini, na siyo kwa sababu wewe ni shangazi yangu. Nina sababu upande wa kulia: barua zako zote ninazo hapa, na kila moja ina hoja iliyonyooka kuliko iliyotangulia.

Kuhusu kitu cha mviringo, tumepata chaki za rangi.

Mwanao


Saluni, 18 Novemba

Mwanangu kipenzi,

Marahaba, na pole kwa kunisubiri. Mvua ilinyesha asilimia kumi na tisa. Nilishindwa kuliandika hilo. Nilikuwa nakaa na kalamu, naandika salamu, nikifika kwenye jambo lenyewe naona aibu nakunja karatasi. Barua niliyosema haioni haya, kumbe mwandishi anaona. Ulipouliza asilimia nilicheka mpaka nikapata nguvu. Tangu siku hiyo nilifanya maswali kila nafasi: wateja wakiwa wanakauka nywele, mimi nathibitisha. Wakaanza kunisaidia. Muuza mboga aliyekuja kusukwa alinikamata nimeandika kauli bila sababu, akasema, "Hapo umeruka." Kweli nilikuwa nimeruka.

Mtihani nimeufanya. Baba yako ndiye aliyenipeleka. Asubuhi nilimkuta ameshavaa, amesimama nje na mwavuli, akasema anaelekea huko huko kwa shughuli zake. Shughuli gani sijui, kwa sababu nilipotoka alikuwa bado amesimama langoni pale pale na mwavuli ule ule.

Ukumbini nilikaa na watoto ambao mama zao nawasuka. Nikafungua karatasi, na swali la saba, mwanangu, lilikuwa pembetatu! Thibitisha kwamba jumla ya pembe zake ni nyuzi 180. Nikataka kupiga kigelegele, nikajiziba mdomo. Nikagawa ukurasa katikati. Kisha nikakumbuka nisisahau nilichopewa, nikaandika juu kabisa, kwa herufi zilizonyooka:

Imepewa: Pembetatu imechorwa kwenye karatasi bapa iliyolazwa mezani, siyo juu ya kichwa cha mtu.

Nilipofika nyumbani ndipo nilipoelewa nimeandika nini. Msahihishaji atasema huyu mama kachanganyikiwa. Sasa silali vizuri. Niambie, hiyo sentensi inaweza kuniangusha?

Shangazi yako


Nyumba za walimu, 1 Desemba

Shangazi,

Shikamoo. Naandika haraka ili iwahi gari la posta. Haiwezi kukuangusha. Ni kweli, ni lazima, na hakuna mtahiniwa mwingine nchi nzima aliyeikumbuka. Nimeibandika ukutani darasani.

Lala usingizi.

Mwanao


Saluni, 30 Januari

Mwalimu wangu,

Kaa, na aliye karibu nawe naye akae.

NIMEFAULU. Nimepata C. Imeandikwa pale, C, na jina langu liko mbele yake.

Baba yako ndiye aliyekwenda kusoma matokeo kwa sababu mimi nilikataa kwenda. Akarudi anatembea polepole, sura kavu kabisa. Akavua lenzi ambayo alikuwa amesahau kichwani, akasema, "Cherehani, gitaa, halafu hii. Hii umeimaliza." Akaanza kulia, kaka yangu yule! Mama yako akatoka jikoni mbio akidhani kuna msiba. Nesi akapiga vigelegele mpaka watu wa posta wakatoka nje. Baba yako alifunga duka siku nzima, na wenye saa wakasubiri.

Mkuu wa chuo ametia saini. Darasa langu linaanza wakati wa likizo yenu ya Aprili, na siku ya kwanza kila mwalimu mpya anaruhusiwa kualika watu wake. Najua nikikuomba tu utanijibu kwa habari za mabati. Kwa hiyo sikuombi. Nathibitisha.

Imepewa: Wewe uko huko, mimi niko huku, na kila mmoja ana njia yake iliyonyooka.

Kauli: Dunia ni mviringo, kama kichwa cha nesi.
Sababu: Kanuni ambayo wote tumeshaikubali.

Kauli: Juu ya kitu cha mviringo, njia mbili zilizonyooka mwishowe hukutana.
Sababu: Barua yako ya Juni, nimeitunza, usiikane.

Kauli: Kwa hiyo lazima tukutane, na Aprili ndiyo likizo yako.
Sababu: Imetoka kwenye mistari ya juu.

Kauli: Nitaweka kiti kimoja mbele kabisa kwa ajili ya mwalimu wangu.
Sababu: Bila yeye ningekuwa nimekitupa kitabu dirishani.

Imethibitika.

Isahihishe kwa wino mwekundu kama kawaida. Nimekukumbuka sana, mwanangu. Njoo.

Shangazi yako, mwalimu wa ususi


Nyumba za walimu, 15 Februari

Shangazi wangu, mwalimu mwenzangu,

Shikamoo, na hongera, na hongera tena. Nilipiga kelele mpaka jirani akaacha filimbi akaja kuuliza. Kidato cha pili, ambao sasa ni cha tatu, walikupigia makofi wamesimama.

Nimeusahihisha uthibitisho wako. Kila hatua ni sahihi isipokuwa ya mwisho, ambayo nimeikata kwa wino mwekundu. Inatakiwa isomeke hivi:

Kauli: Viti ni viwili.
Sababu: Ameomba kunioa, nami nimekubali.

Ndiyo, ni Bwana Bikari. Ni mtu mwema, Shangazi, na ananichekesha kila siku, hilo uliliona kabla yangu. Baba na Mama nitawaambia mwenyewe kwa simu Jumapili, wewe funga mdomo mpaka hapo, na nesi asijue kabisa.

Najua utauliza kwa nini nimekuficha mwaka mzima, na kila ukiniuliza nakujibu mabati na chaki. Nilikuwa naogopa. Namleta nyumbani kwetu, kwa shangazi yangu msusi, mtu asiye na unywele hata mmoja kichwani. Ana kipara kitupu, kinang'aa. Kile kitu cha mviringo nilichokichorea pembetatu mbele ya darasa ni hicho, yeye mwenyewe aliinama akanipa chaki, na nilipofika kwenye pembe mraba ya tatu nilikuwa nimeshajua kwamba huyu simwachi.

Anasema ukimhitaji siku hiyo ya kwanza kwa kufundishia, yuko tayari. Hutahitaji hata kichana. Njoo na chaki tu.

Mwanao